Miwani Niliyomchagulia Mjomba

Katika kopo langu la vifungo, chini kabisa, chini ya vifungo vya shaba vya makoti ya zamani na vile vyeupe vya kumetameta ambavyo hakuna tena anayevitaka, iko miwani nyeusi yenye fremu ya rangi ya asali. Wajukuu wangu huiona wanapotafuta kifungo. Huivaa, wakatembea uani wamenyoosha mikono kama vipofu, wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi huwaambia waiweke ilikokuwa, na mara nyingine huwaambia kwa ukali usiostahili. Baadaye roho huniuma, maana wao hawana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na sijawahi kumweleza mtu kosa lenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa zama za Mwingereza, nami nilikuwa fundi cherehani hapa Tabora. Cherehani yangu ilikaa barazani mwa duka la nguo, katika safu ya mafundi watano, na mimi ndiye niliyekuwa kijana kuliko wote na mwenye majivuno kuliko wote. Nilijua kushona suruali ya karani ikamkaa vizuri hata karani mwenyewe akashangaa. Mtu akileta kitambaa, nilikishika kwa vidole viwili tu, nikamwambia kama kitachuja rangi au hakichuji. Mara nyingi nilipatia. Kupatia huko ndiko kulikoniharibu, kwa sababu nilianza kuamini kwamba jicho langu linajua kila kitu kinachouzwa dukani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikaa kando ya mto Ugalla, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka pale reli ya Mpanda inapovuka mto. Kwenda kwake nilipanda treni ya Kigoma hadi Kaliua, nikashuka na kungoja ile ya Mpanda, ambayo haikuwa na haraka na mtu yeyote. Nilikwenda mara moja au mbili kwa mwaka. Ningeweza kwenda zaidi, lakini kijana akishazoea mji hutafuta sababu.

Mjomba alikuwa mvuvi wa mkuki. Wengine kule walitega migono, ile mitego ya kusukwa kwa fito, na wengine walitanda nyavu mto ulipojaa. Lakini kiangazi, mto unapoacha kutembea na kubaki mabwawa mabwawa, samaki hupigwa kwa mkuki kutoka kwenye mtumbwi. Mtumbwi huwa na watu wawili. Wa nyuma hushika pondo na kusukuma taratibu. Wa mbele husimama na mkuki, na yeye ndiye anayeona. Akinyoosha kidole kushoto, wa nyuma anapeleka kushoto. Akiinua kiganja, mtumbwi unasimama. Wa nyuma haulizi kitu. Hata kugawa samaki jioni ni kazi ya wa mbele, na neno lake halipingwi. Mjomba alisimama mbele tangu kabla sijazaliwa. Pale kijijini ukisema "wa mbele" bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamtaja nani.

Aliyemshikia pondo alikuwa jirani yake, mtu mzima lakini mdogo kwake kwa miaka mingi, na tena mtani wake wa ukoo, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote. Na alimwambia. Mjomba akikosa samaki, jirani alisema, "Huyo umemsamehe, au ni ndugu yako?" Mjomba akapata samaki mkubwa, jirani alisema, "Huyo alikuwa mgonjwa." Walitukanana hivyo kutwa nzima na jioni walikula sahani moja.

Mwaka ule nilipokwenda, mvua zilikuwa zinaishia, nikakuta utani umepungua. Kiangazi kilichopita Mjomba alikuwa amekosa mno, na jirani alikuwa ameacha kumcheka. Hapo nilitambua kuwa kuna jambo. Siku ya pili Mjomba aliniita tukakae nyuma ya nyumba, penye mizinga yake ya nyuki aliyokuwa anaichonga, akaniambia.

"Macho yangu mazima," alisema. "Nakuona wewe. Naona nyuki akitua kwenye ua kule. Tatizo ni mng'ao. Jua likishapanda, maji yanakuwa kama bati jipya. Natazama juu ya bati, samaki yuko chini ya bati."

Nikamuuliza kwa nini asiende alfajiri, kabla ya jua. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Umesahau? Asubuhi maji ya baridi, samaki wako chini kwenye kina. Wanakuja pembeni maji yakipata moto. Wakati wao ndio wakati wa bati."

Kisha akanieleza habari ya Mzungu. Kiangazi kilichotangulia alikuja Mzungu mmoja wa serikali kuukagua mto, akamchukua Mjomba amwongoze. Mzungu yule alikuwa na miwani. Siku moja alimwona Mjomba anajikinga uso kwa mkono, akaivua akampa. Mjomba aliposimulia hilo, sauti yake ilishuka.

"Mwanangu, bati liliondoka. Sikudanganyi. Niliona mchanga chini. Nilimwona perege ana watoto kinywani, anawatema, wanacheza, anawameza tena. Miaka yote hiyo nimewaua perege, sikuwahi kuliona jambo hilo kwa utulivu namna ile. Nikarudisha miwani ya watu. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba dawa ipo."

Kisha alinikabidhi debe la asali nikaliuze Tabora, nimnunulie miwani kama ile. Akasema, asali ikizidi bei ya miwani, iliyobaki ni ya kwangu, ya usumbufu. Akasema pia, akitazama chini, kwamba kiangazi hiki kikipita kama kilichopita, itabidi amwachie jirani mkuki. Hakusema kwa kulia, lakini nilimwelewa. Kule mkuki wa mbele ukishakabidhiwa hadharani, ukapakwa unga mweupe mbele ya wazee, haurudi kwa aliyeutoa. Anayeutoa anakaa nchi kavu, au anakwenda nyuma kushika pondo. Mjomba hakuwa mtu wa kushika pondo.

Mimi nilimwitikia, "Nimeelewa, mjomba." Moyoni niliona anatia chumvi. Miwani ya kuondoa maji! Nilidhani kilichomfurahisha ni kivuli tu, macho yamepata nafuu ya jua, mengine ni maneno ya mzee aliyevaa kitu cha Mzungu kwa mara ya kwanza. Ningemsikiliza kama nilivyomsikiliza mteja aliyeniambia koti linambana kwapani, nisingekuwa na cha kueleza leo.

Asali iliuzwa vizuri. Asali ya Ugalla watu wa Tabora waliijua, haikulala hata usiku mmoja. Siku ya pili nikaenda duka la saa, lililokuwa mtaa uleule wa baraza letu. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, mtengenezaji wa saa, mtu wa polepole, aliyevaa kioo cha kukuzia kwenye jicho moja na kukisahau hapohapo hata akienda kunywa chai. Alinijua, kwa sababu nilimshonea mifuko ya suruali.

"Nataka miwani ya jua," nikamwambia. "Ya mvuvi."

Akatoa aina tatu, akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini kabisa, nyeusi tii, fremu ya rangi ya asali, inang'aa. Ya pili ilifanana na ya kwanza ila ina mikono ya chuma. Ya tatu bei yake ilikuwa kama mara tatu ya ile ya kwanza, na kwa sura haikuwa kitu. Rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyofifia, ukiishika unaona vidole vyako upande wa pili, na fremu yake ya kawaida kabisa, kama ya mwalimu.

"Mvuvi achukue hii," akasema, akaisukuma ile ya tatu.

Nikacheka. Nikamwambia, bwana mkubwa, hii si nyeusi hata kidogo. Jua la Ugalla litapita kama linapita kwenye chandarua. Akasema weusi hauhusiki. Weusi unapunguza mwanga wote, wa samaki na wa jua, lakini mng'ao unabaki kuwa mng'ao. Hii ina kioo cha namna nyingine, inakata mng'ao peke yake na kuacha vingine.

"Ngoja nikuonyeshe," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na beseni la maji. Akaliweka barazani juani, akatumbukiza senti moja, ile yenye tundu katikati. Akachuchumaa kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa mabovu, akaniita nami nichuchumae upande wake, nitazame kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya tatu.

Sikuchuchumaa. Nakumbuka kila kitu cha saa ile. Nilikuwa nimevaa kanzu iliyotoka kupigwa pasi, na mafundi wenzangu walikuwa wanatutazama kutoka kwenye cherehani zao. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, leo unavua samaki kwenye beseni?" Wote wakacheka. Mimi ndiye niliyewafundisha wateja kutambua kitambaa kizuri kwa vidole viwili, sasa nikae chini kama mtoto nifundishwe kutazama senti! Nikaona pia, au nilijifanya kuona, kwamba mzee anatafuta kuniuzia kile kisichouzika.

"Nimeshaelewa, mzee," nikamwambia, na nilikuwa sijaelewa chochote. "Nipe ile nyeusi."

Alibaki amechuchumaa kidogo, mkono umo ndani ya beseni anatafuta senti yake. Akasema, "Ni ya nani?"

"Ya mjomba wangu."

"Basi mlete mwenyewe achague."

"Anakaa mbali."

Akanifungia ile nyeusi katika karatasi. Sikumpa nafasi ya kusema zaidi. Pesa iliyobaki nilinunua viatu vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, ambavyo nilikuwa nimevitazama dirishani kwa miezi. Mjomba mwenyewe alisema iliyobaki ni yangu. Nilijiambia hivyo nikiwa navijaribu, nikajiambia tena nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Nilimpelekea kiangazi kilipoingia, mabwawa yalipokwisha kutulia. Nilivaa vile viatu. Kutoka reli hadi kwake vilijaa vumbi na kunichubua visigino, nikafika nachechemea. Mjomba alitoka kunipokea. Kabla hata ya kuuliza habari ya miwani alivitazama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo! Sasa kweli wewe ni mtu wa mjini." Na alifurahi kweli. Alimwita jirani avione.

Jioni nikampa miwani. Akaifungua karatasi polepole, akaigeuza huku na huku.

"Ya yule Mzungu haikuwa nyeusi hivi," akasema.

"Hii ni bora zaidi," nikajibu.

"Lakini ndiyo yenyewe? Ya kukata mng'ao?"

Hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, mjomba, nimechukua ya bei rahisi, tuijaribu kesho, ikishindwa nitairudisha. Asingenikasirikia, hakuwahi kunikasirikia kwa neno la kweli.

"Ndiyo yenyewe, mjomba," nikasema. "Mwenye duka ni fundi wa mambo hayo. Amenihakikishia."

Asubuhi tulikwenda mtoni watatu. Jirani nyuma, mimi katikati nimekaa juu ya gunia, Mjomba mbele na mkuki wake. Jua likapanda. Alivaa miwani, na jirani akapata utani wake wote kwa mara moja. "Bwana, tumepakia kipofu! Nani atamshika mkono?" Mjomba akacheka nasi tukacheka. Kule kwetu miwani nyeusi walivaa watu wawili tu, kipofu na kijana wa mjini, na Mjomba hakuwa kijana.

Tukafika pembeni mwa bwawa, penye manyasi, mahali perege wanapopenda. Akainua kiganja, mtumbwi ukasimama. Akatazama. Nilimwona shingo inavyonyooka, kisha anainama, kisha anageuza kichwa upande. Akarusha, mkuki ukatoka mtupu. Akarusha tena. Mara ya tatu hakurusha, alishusha mkuki. Akaivua miwani, akaipangusa kwa shuka, akaivaa. Akatazama maji muda mrefu sana.

"Sioni," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Jirani alichomeka pondo kwenye tope, mtumbwi usisogee.

"Naona giza. Na bati liko palepale, ila sasa ni bati la usiku." Akageuka kunitazama mimi, nikajiona mara mbili katika vile vioo vyeusi, mdogo na nimekaa juu ya gunia. "Ulisema ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mjomba."

Nilisema mara ya pili. Mara ya kwanza naweza kusema nilikuwa sijui, ni majivuno tu. Mara ya pili nilijua. Nilimkumbuka mzee amechuchumaa juani, mkono ndani ya beseni, nikajua kabisa kwamba alikuwa anasema kweli. Lakini jirani alikuwa pale, na viatu vyangu vilikuwa nyumbani vimepanguswa, vimewekwa juu ya kinu ili watu wavione. Ulimi ukakataa.

"Basi sawa," Mjomba akasema. Akageukia maji. Siku ile alipata samaki wawili, wadogo. Aliporudi nchi kavu aliniambia nimefanya vizuri, ahsante kwa kazi. Wakati wa kuniaga alisema vilevile tena.

Nikarudi Tabora. Nilishona, nilikula, nilikwenda kucheza dansi na viatu vyangu. Nilikuwa nikipita mbele ya duka la saa kwa upande wa pili wa mtaa.

Kulikuwa na mama mmoja, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekwenda na kurudi kwa ile treni ya Mpanda na kutuletea salamu za kule. Kiangazi kilipokuwa kinaishia alifika barazani, akaweka tenga lake chini, akaniambia, "Mjomba wako ameutoa mkuki."

Mguu wangu ukasimama juu ya kikanyagio.

"Umepakwa unga?"

"Umepakwa. Nilikuwepo. Jirani yake alikataa mara tatu, alilia yule, na ulimi wake wote ule. Mjomba wako ndiye aliyemlazimisha. Alisimama akasema mbele ya wazee kwamba mwaka jana alidhani tatizo ni mng'ao. Amepata miwani yenyewe, ya kukata mng'ao, mpwa wake amehangaika mpaka ameipata mjini. Ameivaa, na bado haoni. Kwa hiyo sasa amejua kwamba macho yake ndiyo yamekufa. Akasema mtu asiye na macho asisimame mbele ya wenzake."

Yule mama aliendelea na habari nyingine, za nani ameoza binti na nani ameugua. Sikusikia. Nilikuwa nimedhani kwamba nimemnyima mjomba wangu miwani. Nilikuwa nimemnyima macho yake. Aliniamini mimi kuliko alivyoyaamini macho yaliyomlisha maisha yake yote.

Kesho yake nilikwenda duka la saa kabla hata halijafunguliwa vizuri. Mzee alikuwa bado anafungua milango. Nikamwomba beseni. Akalileta, nikachuchumaa mwenyewe, safari hii bila kujali nani anatazama, na kwa kweli hakuna aliyekuwa anatazama. Niliazima kwake miwani nyeusi ya namna ileile, nikatazama. Jua lilikuwa limelala juu ya maji, jeusi badala ya jeupe, na senti haionekani. Nikavaa ile ya kijivu. Senti ikawa pale chini, na tundu lake, na maandishi yake, kana kwamba mtu amemwaga maji yote. Nikainamisha kichwa upande, mng'ao ukarudi, nikakinyoosha, ukaondoka. Ilikuwa kazi ya pumzi tatu tu. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi.

Niliinunua. Ilinichukua miezi kuimaliza bei yake, kidogo kidogo, na mzee alinikubalia. Lakini sitasingizia bei. Hata nilipoimaliza sikwenda. Nilisema mvua zimeanza, mto umejaa. Nilisema sikukuu inakaribia, mafundi wana kazi nyingi. Mtu anayeogopa uso wa mtu hakosi kazi za kufanya. Ukapita mwaka mzima, na kiangazi kingine kikafika katikati, ndipo nikapiga moyo konde nikapanda treni. Viatu vya rangi mbili vilikuwa vimekwisha soli. Nilivaa makubazi.

Nilimkuta Mjomba amekaa ukingoni mwa mto, anasuka mgono. Vidole vyake havikuwa vimeizoea kazi ile, fito zilikuwa zimepishana vibaya. Mbali kidogo, kwenye bwawa, jirani alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi na kijana mwingine nyuma. Nilimsalimu Mjomba, akaniitikia, akanitengea mahali pa kukaa. Nikaitoa miwani mfukoni, nikampa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kaliua. Hakuna hata moja lililotoka.

Akaitazama. "Hii ndiyo rangi ya ile ya Mzungu," akasema.

Akaivaa, akainuka, akashuka hadi maji yalipomfika vifundoni. Ilikuwa saa saba, jua la utosi limeanza kuinama, maji yote yanawaka. Mimi sikuweza kuyatazama. Yeye aliyatazama. Akasogea hatua moja, akasimama. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, vidole vimekunjika kama vinashika mti wa mkuki, kisha ukashuka. Akahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi, moja, mbili, tatu, hadi saba. Alikuwa anahesabu samaki.

Alikaa mle majini muda ambao sijui ulikuwa kiasi gani. Jirani alituona, akasimamisha mtumbwi, lakini hakuja.

Mjomba aliporudi, alikaa chini na hakuivua miwani. Machozi yalimtoka chini ya vioo, nami sikuweza kujisingizia kwamba ni ya jua.

"Kumbe mazima," akasema. "Macho yangu mazima."

Nikamwambia, nitazungumza na jirani, nitazungumza na wazee, mkuki utarudi. Akatikisa kichwa. "Umeshapakwa unga. Na yule anapiga vizuri. Mwache." Kisha akavunja ufito mmoja vipande vidogo vidogo, akauliza, "Ile ya kwanza. Yule Mhindi alikudanganya?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena, na aliyeufungua ni yeye mwenyewe. Alikuwa akinitazama kupitia vioo vile vya kijivu vinavyoonyesha macho ya mtu, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Alinidanganya."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani ya nyumba, akatoka na ile miwani nyeusi, ameifunga katika karatasi yake ileile ya dukani, imekunjwa vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani. Akaniwekea mkononi.

"Mrudishie," akasema. "Lakini usimtolee maneno makali. Pengine naye alidanganywa na waliomuuzia. Mwambie mimi nimeshasamehe."

Mjomba aliishi miaka mingine minne. Yule mzee wa saa aliishi zaidi, na hadi alipofunga duka alikuwa akiniinulia mkono kila nilipopita, na kuniuliza mvuvi wangu anaendeleaje. Nilimjibu kwamba hajambo. Miwani sikuirudisha.